Mstari Kwenye Bawaba

Nina ukucha mmoja mrefu, wa kidole kidogo cha mkono wa kulia. Nimeufuga miaka kumi na tisa. Wanawake wa sokoni hudhani ni madaha, mama mkwe wangu hudhani ni uchafu, lakini ukucha huo ndio unaotulisha nyumbani. Kiwandani kwetu hapa Taichung tunatengeneza baiskeli za kukunja, na kazi yangu mimi ni kuondoa aibu za rangi kabla baiskeli haijaingia kwenye boksi.

Rangi mpya ina maradhi yake. Kuna vumbi linaloganda ndani. Kuna mahali rangi ilipotiririka ikakauka kama tone la jasho. Kuna vitobo vidogo tunavyoviita macho ya samaki, na kuna sehemu zinazokunyata kama ganda la chungwa. Nayajua yote kama nilivyozijua chunusi za binti yangu. Nasugua kwa msasa laini, napaka kwa brashi yenye nywele chache, napitisha vanishi, napiga polishi. Nikimaliza, hata aliyeipuliza rangi ile hawezi kuonyesha nilipogusa. Mwaka juzi alikuja mkaguzi kutoka ng'ambo na taa yake ya mkononi na miwani yake minene, nikamwekea fremu kumi mezani, nikamwambia tano kati ya hizo nimezitengeneza mimi, azitaje. Aliinama asubuhi nzima. Aliondoka na maumivu ya shingo. Najisifu? Najisifu, kwa nini nisijisifu.

Lakini kabla ya msasa kuna ukucha. Ukiona mstari kwenye fremu, unapitisha ukucha kuukata katikati. Ukiteleza, ni rangi tu, endelea na kazi. Ukinasa, hapo si rangi tena, ni chuma chenyewe kimepasuka. Unaiweka fremu chini, unaifunga tepe nyekundu, unamwita meneja. Kwanza ukucha, ndipo rangi. Hata mama anayefagia kiwanda analijua hilo.

Siku ya sadaka ya mwezi wa saba, mimi A-Luan nilianza na rangi.

Mwezi wa saba wa kalenda yetu ya zamani ndio mizimu isiyo na wenyewe hufunguliwa mlango ije kula, na hakuna kiwanda mjini kwetu kinachothubutu kuinyima. Tulipanga meza mbele ya geti: kuku mzima, bata, tambi za pakiti, biskuti, makopo ya soda, na beseni la maji lenye taulo mpya ili wageni wanawe. Udi ukishawashwa, kila mfanyakazi awe nje na kijiti chake mkononi. Ukichelewa umewadharau wageni, na wageni wenyewe si wa kuchezewa.

Mimi nilikuwa bado ndani. Mezani nilikuwa na baiskeli ya kijani kama majani machanga ya chai, imefungwa tepe ya njano. Njano maana yake dosari ni ya rangi tu, na za njano wafanyakazi tunaruhusiwa kuzichukua kwa bei yetu. Hiyo nilikuwa nimeiwekea alama siku tatu kabla, iwe ya binti yangu Ning. Ilikuwa na tone lililokauka chini ya kiti, na kwenye bawaba, pale katikati inapokunjika, ilikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Pembeni zilikuwepo nyingine mbili za rangi hiyohiyo, zenye mstari huohuo, mahali palepale.

"A-Luan!" Meneja Kuo alikuwa mlangoni, vijiti vya udi mkononi, kijasho kinamtoka. "Udi unaungua! Unataka waje wakuchukue wewe waache bata?"

"Wakinichukua, nani atakufichia madoa yako, meneja?"

"Nitamweka kijana mwenye macho mazuri. Toka!"

"Dakika tano."

"Mbili!"

Nilizimaliza zote tatu katika muda ambao kwa kawaida natengeneza moja. Sikusugua mpaka chini. Nilijaza, nikapaka, nikakausha kwa taa, nikapiga polishi. Halafu ndipo nikapitisha ukucha, kwa mazoea tu. Uliteleza kama juu ya kioo. Ungeachaje kuteleza, na mstari nilikuwa nimeshaujaza? Zile mbili nikazirudisha kwenye foleni ya kupakiwa. Ya Ning nikaisukuma pembeni. Nikatoka mbio, nikapokea udi, nikainama mara tatu, nikaomba binti yangu asafiri salama.

Ning ana miaka kumi na minane. Ndiye mtoto wangu pekee. Baba yake alikufa kwa ugonjwa wa ini Ning alipokuwa darasa la pili, na tangu hapo tumekuwa watatu nyumbani: mimi, yeye na bibi yake. Alikuwa amemaliza shule, na kama vijana wengi wa kwetu alitaka kukizunguka kisiwa chote kwa baiskeli kabla chuo hakijafunguliwa. Wenzake wawili walikuwa na baiskeli kubwa za mbio. Yeye alitaka ya kukunja, na alitaka itoke mikononi mwangu.

Mama mkwe wangu alipoiona sebuleni alishika kichwa.

"Chombo kipya mwezi huu? Nani mwenye akili anaingiza chombo kipya nyumbani mwezi wa mizimu? Halafu mtoto aende nacho upande wa mashariki, milima huku, bahari huku! A-Luan, wewe umelogwa?"

"Mama, nimeipaka kwa mkono wangu. Mzimu ukiiona utaniomba niupakie na ya kwake."

"Cheka tu."

Alikwenda hekaluni asubuhi ile ile, akarudi na kitita cha uzi mwekundu uliofukizwa udi. Akapiga magoti sakafuni, na magoti yenyewe yale mabovu, akauzungusha ule uzi kwenye bawaba, raundi baada ya raundi, mpaka bawaba ikapotea ndani yake.

"Bibi," Ning akalalamika, "sasa nitaikunjaje?"

"Usiikunje. Iendeshe."

"Si ndiyo maana inaitwa ya kukunja!"

"Hapa ndipo inapovunjika kiuno, hapa ndipo pabaya. Uzi ukae hapa. Ukiutoa kabla hujarudi, mimi na wewe basi."

Tulimcheka, mimi na Ning. Jumapili akaondoka na wenzake. Aligeuka mara moja tu kunipungia mkono, na rangi ile ilimeta juani mpaka kona ya duka la vifaa. Nakumbuka nilijivunia rangi.

Jumatano, saa tano asubuhi, ikaletwa mezani kwangu fremu ya nne ya kijani.

Mstari ulikuwa mahali palepale. Siku hiyo hakukuwa na udi wala meneja wa kunikimbiza, kwa hiyo nilifanya kama ninavyofanya siku zote. Nikapitisha ukucha kwanza.

Ukanasa.

Nilihisi ule mnaso mpaka kwenye meno. Nikaurudisha ukucha, nikaupitisha tena taratibu, nikijiambia ni punje ya vanishi. Ukanasa tena. Nikachukua msasa, nikasugua. Rangi ya kijani ikatoka, ile ya chini ya kijivu ikatoka, chuma cheupe kikaonekana, na mstari ulikuwa bado upo. Ulikuwa ndani ya chuma.

Paochu, anayepiga polishi meza ya pili, alininyooshea shingo. "Mbona umekaa hivyo, kama umeona nyoka?"

"Paochu, zile tatu za siku ya sadaka."

"Tatu zipi?"

"Za kijani. Zilikuwa na mstari. Niliziziba."

"Si zilikuwa na tepe ya njano?"

"Ya njano, ndiyo. Sikuzipima. Moja ni ya Ning."

Aliweka kitambaa chake chini.

Baiskeli ya kawaida fremu yake ni kitu kimoja. Ya kukunja imeshikwa na ile bawaba tu. Bawaba ikiachia kwenye mteremko, baiskeli inakuwa vipande viwili, na mtu yuko katikati. Chumba cha majaribio kipo ukuta wa pili kutoka kwangu. Kuna mashine inayotikisa fremu siku nzima mpaka zivunjike, na miaka kumi na tisa nimesikia mlio wake. Hakuna onyo. Inatikisika, inatikisika, halafu inalia tak, na yule anayesimamia mashine anaandika namba kwenye daftari lake. Mlio huo sikuwahi kuujali. Asubuhi hiyo ulilia wakati nimeshika simu, na nusura niiangushe.

Ujumbe wa mwisho wa Ning ulikuwa wa saa moja na robo. Picha yake, kofia kichwani, pua imeungua na jua. "Mama, leo tunapanda Shouka. Tukifika juu nakupigia. Halafu ni kuteremka tu mpaka baharini. Raha!"

Nikapiga. Hapatikani. Nikapiga tena. Nikampigia mwenzake mmoja ambaye namba yake nilikuwa nayo, naye hapatikani. Kule mlimani mtandao hukatika, kila mtu analijua hilo, lakini kujua hakukunisaidia. Kila nikifumba macho niliona kona, na ile kijani inakuja kwa kasi, na uzi mwekundu katikati.

Kabla ya kusafiri Ning alinibandikia jikoni karatasi yenye namba za vituo vya polisi vya njiani, maana kwetu waendesha baiskeli hujaza upepo na maji kwenye vituo vya polisi. Nilikuwa nimeipiga picha. Nikaitafuta namba ya kituo cha njia ya Shouka. Vidole vilikosea mara mbili.

"Kituo hapa, nani mwenzangu?"

"Afande, naomba msaada. Kuna wasichana watatu wa baiskeli wanapanda huko leo."

"Mama, leo wamepita wa baiskeli wengi, hata sijawahesabu."

"Mmoja ana baiskeli ndogo. Ya kukunja. Ya kijani, ina uzi mwekundu katikati."

Akacheka. "Aah, yule wa uzi! Nimempa maji mwenyewe. Nikamwambia, binti, baiskeli imevunjika mguu umeifunga bendeji?"

Nilishika meza.

"Ameondoka saa ngapi, afande?"

"Umepita muda wa kama saa moja na nusu hivi. Saa hizi atakuwa kileleni, au ameshaanza kushuka. Kwani vipi, kuna msiba?"

"Mzuie asishuke."

"Ana nini?"

Sikuweza kulisema mara moja. Paochu alikuwa ananitazama, na wasichana wa meza ya stika walikuwa wameacha kazi. Kulisema lile neno ilikuwa kama kulifanya litokee.

"Bawaba ina ufa," nikasema. "Nimeupaka rangi mimi. Mimi mama yake."

Nikasikia kiti kinasukumwa.

"Nachukua pikipiki," akasema. "Simu iache wazi, usiongee na mtu."

Basi nikakaa na simu imelala kwenye kiganja. Kengele ya chakula ikalia, watu wakafungua mikebe yao, harufu ya nyama ya nguruwe na mchuzi wa soya ikajaa chumba. Nilihesabu. Yeye anateremka, kilomita kumi na kitu. Afande anapanda kwanza ndipo aanze kumfuata. Kwa hesabu yoyote niliyoifanya, baiskeli ilikuwa mbele.

Meneja Kuo alikuja akitafuna kijiti cha meno. Paochu alikuwa ameshamwambia. Aliinama akaitazama ile fremu ya nne niliyoisugua, akapitisha kidole chake kinene juu ya ufa.

"Huenda ni hii moja tu," akasema. "Chuma hiki, huenda mchomeleaji alizidisha moto. Usijitie homa, A-Luan. Mwanao ni mwepesi, hana hata kilo hamsini."

"Mashine yako huwa inapima kwa kilo ngapi?"

Alikitoa kile kijiti kinywani akakitia mfukoni.

Simu ikaita. Niliipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza, bila kuangalia hata jina. Alikuwa mama mkwe wangu.

"Ning amepiga?"

"Bado, Mama."

"Si alisema akifika juu?"

"Mtandao, Mama. Milimani."

"Sauti yako ina nini?"

"Rangi imeniingia kooni."

"Kunywa maji ya moto," akasema. Halafu, kabla ya kukata, "Bora nilifunga ule uzi." Nilisema ndiyo, nikauma mdomo mpaka nikaonja damu.

Sikuweza tena kukaa ndani. Nikatoka mpaka getini. Meza za sadaka zilikuwa zimeondolewa zamani, limebaki pipa la kuchomea pesa za karatasi za mizimu, na majivu yake, na chungu cha udi chenye mabua ya vijiti vilivyoungua. Jua lilikuwa la utosi, malori yanapita. Mimi si mtu wa kuamini sana, huwa nainama kwa sababu wote wanainama. Siku hiyo nilishika ukingo wa lile pipa nikaongea kwa sauti, na dereva wa lori akapunguza mwendo kunitazama.

"Mlikula," nikawaambia. "Kuku wetu mlimla na bata mlimla. Kwa ajili yenu ndiyo maana niliharakisha. Kama mna haya yoyote, mwacheni."

Nikangoja, sijui nilingoja nini. Kilichokuja ni upepo wa malori tu. Niliogopa kuliko nilivyoogopa hospitali na baba yake Ning, kwa sababu yale ya baba yake hakuyafanya mtu.

Saa saba kasoro dakika nne simu ikaita, namba ya kituo.

"Mama."

Ilikuwa sauti ya Ning. Nikakaa chini palepale kwenye vumbi la geti.

"Umeumia? Uko wapi? Umeumia?"

"Sijaumia. Nimechoka tu. Nimeungua na jua, na nimeikokota hii baiskeli kona kumi na tano. Afande amenikuta natembea."

"Unatembea?"

"Tulipofika juu tukataka kupiga picha. Nikasema niikunje niinyanyue juu ya kichwa, iwe ya kuchekesha. Nikaanza kuufungua uzi wa bibi. Mama, usimwambie kwamba niliufungua. Raundi zote zikatoka, ya mwisho ikagoma. Nikavuta, ukakatika, kipande kikabaki kimening'inia kwenye rangi. Ndani ya rangi, Mama, rangi imeachana ikakibana. Nikasema rangi haiwezi kumeza uzi. Nikafanya kama unavyofanya wewe, nikapitisha ukucha."

"Ukanasa," nikasema.

"Ukanasa. Mwenzangu mmoja akasema ni mkwaruzo tu, twende, tutachelewa. Nilipanda kabisa, Mama. Nilikaa kitini kabisa. Halafu nikashuka."

Nilikuwa nalia sasa, bila kujificha, na mlinzi wa geti alikuwa ameniletea kikombe cha maji hajui akiweke wapi.

"Mama," Ning akasema. Sauti ilikuwa imebadilika. "Si uliniambia umeiangalia wewe mwenyewe?"

"Niliiangalia."

"Hukuuona?"

Ningeweza kumdanganya. Nimedanganya macho ya watu miaka kumi na tisa kwa brashi, neno moja lingenishinda?

"Niliuona," nikasema.

Nikasikia afande nyuma yake anauliza kama anataka chai. Halafu Ning akasema atarudi kesho kwa treni, kituo kinaihitaji simu yake, akakata.

Nilipoinuka nikamkuta Paochu amesimama nyuma yangu. Alisubiri nijifute uso.

"A-Luan, zile nyingine mbili?"

Nilikuwa nimezisahau. Mungu anisamehe, tangu saa tano hata mara moja sikuwa nimezifikiria.

Za kijani zilizopakiwa zilikuwa mia mbili na arobaini. Sitini ziliondoka Jumatatu, ziko kwenye meli. Mia moja na themanini zilikuwa bado ghalani, ndani ya maboksi, zinasubiri Ijumaa. Nikamwambia Meneja Kuo ayafungue.

"Yote?"

"Yote."

Alilalamika, lakini aliyafungua. Nadhani alitaka kunituliza. Nikapita fremu moja baada ya nyingine, nimeinama, napitisha ukucha kwenye kila bawaba. Uliteleza. Ishirini, hamsini, mia. Nilizishika chini ya taa, nikazigeuza, nikatafuta mkono wangu mwenyewe na sikuuona. Fremu mia moja na themanini, na ukucha ukateleza kwenye zote.

"Unaona?" Kuo akapumua. "Ziko sawa. Zile mbili huenda hazikuwa hata na ufa."

"Ya Ning nayo iliteleza."

Ning alikuwa ametuma picha. Nikamfungulia Kuo. Ile kijani nzuri, inang'aa, na kiuzi chekundu kimetoka katikati yake. Aliishika simu akaitazama. Nikachukua msasa, ule mkali tunaosugulia kutu, nikaishika fremu ya kwanza.

"A-Luan! Ukizigusa hizo, ni mia moja na themanini za kupakwa upya! Mwenye mzigo nitamwambia nini?"

"Mwambie kuna mwanamke amepata kichaa."

Nikasugua. Rangi ikatoka kama vumbi la kijani, ikaniingia puani. Paochu akaja na msasa wake. Kuo alizunguka mara mbili, akapiga simu, akakata kabla hajapokelewa, akavua saa yake.

"Mnasugua mpaka wapi?" akauliza.

"Mpaka uone chuma. Na usikandamize hivyo, si sufuria hiyo."

Tuliendelea mpaka jioni na asubuhi yake tena. Kwenye fremu ya mia moja na kumi na mbili, nikiwa nimeshaacha kuhisi mabega, ukucha ukanasa. Niliifunga tepe nyekundu mwenyewe. Zilizobaki zote zilikuwa nzima. Iliyobaki moja ilikuwa baharini.

Ning alifika mchana, amechubuka pua, na baiskeli hakurudi nayo, afande ameifungia kituoni. Hakunikumbatia. Meneja Kuo alikuwa ameshamwandikia mwenye mzigo huko ng'ambo kwamba kati ya zile sitini iko moja mbovu, na wao walikuwa wamejibu papo hapo, kwa lugha yao. Karani wa barua yuko likizo ya uzazi. Ning akasema lugha hiyo ameisoma shule, atawajibu yeye. Akakaa kwenye kiti cha Kuo mbele ya kompyuta, nami nikasimama nyuma yake.

"Wanasema asante kwa kuwaambia," akasoma. "Wanasema hawataki kuharibu rangi ya zote sitini kwa sababu ya moja. Wanaomba tuwaambie alama yake, ili waitafute."

Nilimwona akingoja, vidole juu ya herufi.

"Waambie haina alama," nikasema. "Waambie aliyeitengeneza alilipwa ili isiwe na alama. Wasugue zote."

Aliandika. Alipofika mahali fulani aliniuliza, bila kugeuka, "Jina niweke la nani?"

"Weka langu."

Akaliandika jina langu pole pole, akatuma. Halafu akanyoosha mkono wake nyuma, akaupata wa kwangu, akaushika pale kwenye ule ukucha.